Gmail kama Chombo cha Kufuatilia Kolabo: Inatosha au Haitoshi?

Tathmini hii inajibu swali moja: je, Gmail ya bure, ambayo watu wengi wenye simu tayari wanayo, inamtosha influensa anayeziandikia kampuni kuomba kolabo, yaani kazi ya ushirikiano ya kutangaza bidhaa zao, na kisha kuzifuatilia zinapokaa kimya? Jibu langu ni kwamba inatosha, na kwa anayeanza inazishinda programu nyingi za kulipia, ila ina kasoro kadhaa ambazo zinaweza kumharibia mtu kazi asipozijua mapema.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ahangaike na barua pepe ilhali kampuni zote ziko Instagram. Sababu ni kwamba tangu mwaka 2023 Instagram humruhusu mtu kutuma ujumbe mmoja tu, tena wa maandishi matupu bila picha wala video, kwa akaunti isiyomfuata, mpaka mwenye akaunti atakapokubali ombi lake. Utaratibu huo uliwekwa kuwakinga watu dhidi ya wasumbufu, na ni mzuri kwa kazi hiyo, lakini kwa mtafuta kolabo maana yake ni kwamba ufuatiliaji hauwezekani kabisa: umeshautumia ujumbe wako, na ukikaliwa kimya huna la kuongeza. Isitoshe, anayejibu ujumbe wa kurasa za kampuni mara nyingi ni mhudumu wa wateja anayeshughulika na mizigo iliyochelewa, wala hana mamlaka juu ya bajeti ya matangazo. Ujumbe huo mmoja ni bora utumike kuuliza nani anashughulikia kolabo na anapatikana kwa anwani gani. Mengine yote yahamie kwenye barua pepe.

Nguvu kubwa ya Gmail katika kazi hii ni uzi. Tangu ilipozinduliwa Aprili 1, 2004, huduma hii imekuwa ikikusanya barua na majibu yake mahali pamoja, hivyo ukifuatilia kwa kuijibu barua yako mwenyewe ya awali, anayepokea anakuta ombi lote liko chini ya ujumbe mpya na hana haja ya kukumbuka wewe ni nani. Faida hiyo hupotea mara tu unapobadilisha mada ya barua, kwa kuwa Gmail huanzisha uzi mpya mada inapobadilika. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakiandika upya kwa herufi kubwa kwamba wanakumbusha au kwamba jambo ni la haraka, na matokeo yake barua ya pili inafika ikiwa yatima, bila maelezo, kwa mtu aliyekwisha kuisahau ya kwanza. Mada iachwe kama ilivyo, hata kama unaona ingeweza kuwa nzuri zaidi.

Kipengele ninachokitegemea kuliko vyote ni cha kuahirisha. Baada ya kutuma ombi, unaufungua uzi huo, unachagua kuahirisha, unaweka siku, na uzi unaondoka machoni hadi siku hiyo, utakapopanda tena juu ya kikasha kana kwamba umeingia sasa hivi. Kampuni ikijibu kabla ya hapo, uzi unarudi wenyewe. Hapa ndipo ufuatiliaji unapogeuka kuwa utaratibu badala ya kuwa jambo la kukumbuka usiku wa manane, na nashauri tarehe ya kuahirisha ipangwe palepale barua inapotumwa. Wiki moja ni muda wa heshima kwa ufuatiliaji wa kwanza; wa pili usubiri zaidi ya hapo, na wa tatu, kwa maoni yangu, usiwepo, isipokuwa una habari mpya kabisa ya kuwapa.

Gmail ina pia vikumbusho vya kujiendesha, vilivyoingizwa mwaka 2018, ambavyo huinua barua uliyotuma na kuuliza kama ungependa kuifuatilia. Sivipendi. Huchagua barua kwa vigezo ambavyo mtumiaji hawezi kuviona, hivyo vinaweza kuinua salamu kwa rafiki na kuliacha ombi la kolabo likizama. Anayevitegemea peke yake atajikuta ameikosa kampuni iliyokuwa tayari kuzungumza naye. Vinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, na sioni hasara ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, chombo hakiwezi kuiokoa barua isiyo na jambo. Tazama ufuatiliaji wa kawaida: "Habari, nafuatilia tu barua yangu, naomba mnijibu." Anayesoma hapati chochote zaidi ya lawama iliyofichwa. Sasa linganisha na huu, kutoka kwa mtu anayetengeneza video za utunzaji wa nywele: "Habari za kazi? Ombi langu la awali liko hapa chini. Tangu nilipowaandikia nimechapisha video kuhusu nywele zinazokatika, na katika maoni watazamaji wanauliza mafuta yasiyo na harufu kali. Ya kwenu ni ya aina hiyo. Nimeambatanisha picha ya skrini ya maswali hayo. Kama bajeti ya msimu huu imeshafungwa, nitashukuru kujua ni lini niwaandikie tena." Barua ya namna hii inampa ofisa wa masoko kitu cha kumwonyesha mkubwa wake, na sentensi ya mwisho inamfungulia mlango wa kukataa bila kukupoteza. Kampuni nyingi hupanga matumizi ya matangazo kwa robo mwaka au kwa msimu. Kunyamaza kwao mara nyingi ni suala la kalenda.

Upangaji wa saa ya kutuma, ulioongezwa mwaka 2019, unamfaa hasa anayeandika usiku baada ya kazi nyingine, au anayeziandikia kampuni za nchi zenye saa tofauti. Unaandika ukiwa na nafasi, kisha barua inaondoka asubuhi ya siku ya kazi. Angalia tu kwamba saa unayoichagua ni ya kwako wewe, si ya mpokeaji, kwa hiyo hesabu ya tofauti unaifanya mwenyewe. Unaweza kuwa na barua hadi 100 zinazosubiri kutumwa, idadi ambayo influensa wa kawaida hataifikia, na akiifikia basi ana tatizo jingine.

Kwenye violezo, yaani maandishi yaliyohifadhiwa ili yatumike tena katika barua nyingine, ndipo Gmail inaponikera. Vinapatikana kwenye kompyuta tu, tena baada ya kuviwasha katika mipangilio ya kina, wakati watu wengi wa kazi hii hufanya kila kitu kwa simu. Watumiaji wa simu hulazimika kunakili maandishi kutoka kwenye daftari la kumbukumbu katika simu, na hapo ndipo jina la kampuni moja linapojipenyeza katika barua ya kampuni nyingine. Kinga ndogo iliyopo ni kitufe cha kutendua, yaani cha kuirudisha barua uliyoituma hivi punde, ambacho kwa kawaida hukupa sekunde 5 lakini kinaweza kuongezewa hadi 30, na sijui kwa nini sekunde 30 si chaguo la msingi kwa kila mtu.

Viambatisho vina kikomo cha megabaiti 25, kiasi ambacho hakitoshi kwa video nzuri, kwa hiyo sampuli za kazi hutumwa kama kiungo cha Google Drive. Kagua ruhusa kabla ya kutuma. Gmail hukuonya iwapo mpokeaji hana ruhusa ya kufungua faili, lakini onyo hilo ni rahisi kulipita kwa haraka, na ofisa anayetakiwa kuomba ruhusa ili aone sampuli ambazo hakuziomba hataomba.

Gmail ya bure haikuambii kama barua yako imesomwa, na wengi huliona hilo kuwa pengo, wakaongeza programu za pembeni zinazoficha kijipicha ndani ya barua ili kijulishe pindi inapofunguliwa. Taarifa hizo si za kutegemea. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe kwa mtumiaji aliyechagua ulinzi wa faragha, hata kama hajaifungua barua, hivyo utaambiwa imesomwa ilhali haijaguswa. Na hata taarifa ikiwa sahihi, kumwandikia mtu kwamba unajua ameifungua barua yako ni njia ya uhakika ya kumfanya asiifungue nyingine.

Nimewahi pia kutumia programu ya kulipia, ambayo sitaitaja, inayotuma ufuatiliaji yenyewe kwa ratiba. Ilifanya kazi mpaka kampuni moja iliponijibu kupitia anwani ya ofisa mwingine. Programu haikulitambua jibu hilo, ikaendelea kuwakumbusha watu ambao tulikuwa tumeshaanza kuzungumza masharti. Ufuatiliaji wa kolabo unahitaji macho ya mtu, na mtu mmoja anaweza kuumudu kwa lebo tatu za Gmail: walioombwa, waliojibu, na wa msimu ujao.

Thamani ya uzi huonekana tena baada ya makubaliano. Idadi ya video, tarehe ya kuchapisha, muda ambao kampuni itaruhusiwa kuitumia video kwenye matangazo yake, katazo la kufanya kazi na washindani na siku ya malipo, vyote viandikwe humo, hata kama mlikubaliana kwa simu. Malipo yakichelewa, ufuatiliaji wako utakuwa jibu kwenye uzi uleule wenye ahadi yao na ankara yako, na hutahitaji ukali wowote.

Ambaye Gmail ya bure haitamfaa ni meneja anayesimamia influensa kadhaa, kwa sababu akiwa na wasaidizi watashindwa kujua nani amekwisha kuiandikia kampuni ipi, na kampuni moja itapokea maombi mawili kutoka ofisi moja. Huyo atafute programu ya kusimamia wateja na ailipie.