Uzoefu wangu na G2 Contender, bastola ya risasi moja iliyoundwa upya

Kabla ya kununua G2 nilikuwa naazima Contender ya zamani ya mzee jirani yangu, yule aliyenifundisha kuwinda kulungu hapa jimbo la Maine, Marekani. Kwa hiyo zote mbili nimezishika msituni, kwenye baridi, nimevaa glavu.

Contender ya kwanza ilitoka 1967, kutoka kampuni ya Thompson/Center. Aliyeibuni ni Warren Center, na ilitengenezwa Rochester, New Hampshire, karibu kabisa na mpaka wetu. Inavunjika katikati, yaani inafunguka kwenye bawaba kama baadhi ya bunduki za marisau: unatia risasi moja, unafunga, unakoki nyundo (unaivuta nyuma hadi ikae), unapiga. Basi. Uzuri wake uko kwenye mtutu. Unafungua skrubu za ubao wa mbele, unasukuma pini ya bawaba, mtutu unatoka na mwingine unaingia. Leo risasi ndogo ya .22 ya kulengea makopo, kesho kubwa za .44 Magnum au .30-30. Darubini inafungwa juu ya mtutu wenyewe, kwa hiyo ukiurudisha mtutu shabaha iko palepale.

Sasa kitu kinachouzika hivyo kwa zaidi ya miaka 30, kwa nini kiguswe? Jibu nililipata nikiwa juu ya dungu. Kulungu anatokea, unakoki. Anaingia nyuma ya misonobari. Huwezi kukaa na nyundo iliyokokiwa, unaishusha polepole kwa kidole gumba. Anatokea tena. Kwa Contender ya zamani, kukoki tu hapo hakutoshi: lazima uivunje bastola, uifunge, ndipo ukoki upya. Ule mlio wa chuma asubuhi isiyo na upepo, kulungu hakuulizi mara mbili. Na kuivunja kwenyewe ni kazi, maana nyingi za zamani zinataka ubane kwa nguvu ule mkia wa kikinga triga.

G2 imekuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuumaliza ugonjwa huo. Shusha nyundo, koki tena, mtutu ukiwa umefungwa vilevile. Utaratibu wa ndani unafuata wa Encore, dada yake mkubwa kutoka kampuni hiyohiyo. Pia wameongeza nafasi kati ya mpini na kikinga triga, kwa hiyo vidole havibanwi tena bastola inaporuka. Juu ya nyundo kuna kidude cha kuchagua: upande mmoja ni kwa risasi za .22, upande mwingine kwa risasi kubwa, na katikati haipigi kabisa.

Mitutu hawakuigusa, na hapo ndipo nawavulia kofia. Mzee ana kabati la mitutu aliyoikusanya tangu enzi za mashindano ya kulenga kondoo wa chuma mita 200. Ungemwambia anunue bastola mpya inayoikataa ile mitutu, angekucheka. Mitutu yake inaingia kwenye G2 yangu bila ubishi.

Sikupenda kila kitu. Triga ya zamani, kwa mkono wangu, inakatika kwa usafi zaidi. Ya G2 ni nzuri lakini haina ule utamu. Na mpini wa zamani haukubali kwenye G2, ingawa ubao wa mbele unakubali.

Unaweza pia kufunga kitako cha bega na kupata bunduki ndogo, ila uwe na akili. Mtutu ulio chini ya inchi 16 pamoja na kitako ni kosa la shirikisho kama hujasajili. Kampuni yenyewe ilipelekana na serikali hadi Mahakama Kuu ya Marekani kuhusu seti yake ya mitutu na kitako, ikashinda 1992. Ushindi ule ulihusu kuuza vipande pamoja. Kuvifunga vibaya bado ni kesi yako. Anza na mtutu mrefu kwanza, kitako kifuate.

Smith & Wesson, kampuni nyingine ya bunduki, waliinunua Thompson/Center 2007, na 2020 wakatangaza kuiuza, kwa hiyo yangu ni ya mtumba. Ukienda kuangalia ya kwako, hakikisha haina risasi, ikoki, ushushe nyundo, ukoki tena bila kuivunja. Ikigoma, ama ni mbovu ama muuzaji anakupa ya zamani kwa bei ya G2.