Gari la Kukodi la Kuvukia Nyika ya Mangystau: Tathmini ya Huduma

Mkoa wa Mangystau, magharibi mwa Kazakhstan, una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 165,000, na sehemu kubwa yake haina mji, karakana wala mtandao wa simu. Marafiki wanaokodi gari mjini Aktau, kwenye ufuko wa Bahari ya Kaspi, ili wavuke nyika hiyo bila kiongozi, wanamtegemea mwenye gari kwa mambo mengi kuliko gari lenyewe, na ni kwa kuzingatia jambo hilo ninaandika kuhusu kampuni ndogo ya hapo Aktau iliyotuhudumia sisi wanne.

Tulipewa Toyota Land Cruiser Prado ya petroli, inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, yenye gia nzito za kupandia vilima na hema lililofungwa juu ya paa. Usukani uko kushoto, kwa kuwa Kazakhstan magari hupita upande wa kulia, na kwa sisi tuliojifunzia udereva Mombasa na Dar es Salaam ilikuwa busara kuanza kwa kuzunguka mitaa mipana ya Aktau kabla ya kushika barabara kuu. Kampuni yenyewe ndiyo iliyotuhimiza tufanye hivyo, na ilimtuma mfanyakazi wake akae nasi garini mpaka aridhike.

Makabidhiano yalichukua sehemu kubwa ya asubuhi, na hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa yake kubwa kuliko zote. Mwenye kampuni alituingizia ramani ya njia katika simu zetu ili isomeke bila intaneti, akatia alama mahali ambapo magari hukwama, akatufundisha kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani na kuujaza tena kwa pampu iliyomo garini, na akatupa kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada. Alisisitiza kwamba tujaze petroli Zhanaozen, mji wa wachimba mafuta, hata kama tangi lingeonekana kuwa na akiba ya kutosha, kwa sababu ukishaupita mji huo kuelekea uwanda wa Ustyurt hupaswi kutegemea kituo chochote cha mafuta.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, na bwana huyo alikataa kutukabidhi gari kwa safari ya nyikani siku hiyo. Udongo wa huko ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Ukilowa hujaa kwenye meno ya tairi, na gari zito huteleza hata kwenye mteremko mdogo. Badala yake alitushauri tufuate lami hadi bonde la Karagiye, ambalo kina chake ni mita 132 chini ya usawa wa bahari, na hakututoza malipo ya siku hiyo. Mfanyabiashara anayekubali kupoteza pesa ili wageni wasikwame amenipa sababu ya kutosha ya kuamini mengine aliyoyasema, na yote tuliyoweza kuyahakikisha njiani yalikuwa kweli.

Njia yenyewe ilipangwa vizuri. Tulianzia kaskazini, upande wa Shetpe, ambako mlima Sherkala husimama peke yake na bonde la Torysh limejaa mawe ya duara, mengine makubwa kuliko gari, kisha tukageukia kusini na mashariki hadi Bozjyra, kwenye miamba meupe ya chokaa iliyokuwa sakafu ya bahari ya kale. Ukiwa ukingoni mwa uwanda huo, barabara hugawanyika kuwa mikwaruzo mingi ya magurudumu inayoelekea kila upande, na bila alama za mwenye kampuni tungepoteza saa nyingi. Jambo moja alilotuagiza, kwamba tusisogeze gari karibu na ukingo kwa ajili ya picha kwa kuwa chokaa hukatika bila onyo, ningetaka kila mteja aambiwe.

Alituagiza pia tufuate desturi ya mahujaji, yaani tuzuru kwanza Shopan-Ata kabla ya kwenda Beket-Ata, msikiti uliochongwa ndani ya mwamba na unaohusishwa na mwanachuoni wa Kisufi aliyefariki mwaka 1813. Wageni hukaribishwa chai na chakula katika nyumba ya mahujaji bila kudaiwa malipo, ndipo hushuka kwa miguu njia ndefu hadi msikitini. Kwa Mwislamu kutoka pwani yetu, kuikuta heshima kama hiyo kwa mashekhe wa kale katikati ya nyika ya Wakazaki ni faraja ambayo sikuitarajia, na ningerudi Mangystau kwa ajili ya mahali hapo peke yake.

Kasoro zipo, na ni za vifaa. Tairi la akiba lilikuwa moja tu na meno yake yalikuwa yamelika. Tulipotobokewa na tairi kwenye changarawe tulibaki bila akiba yoyote hadi tuliporudi mjini. Dumu moja la maji lilinuka petroli, kosa lisilovumilika mahali ambapo maji ya kunywa ni yale uliyoyabeba. Hema la juu ni safi na lina joto la kutosha, lakini upepo wa uwandani hulitikisa usiku kucha, na wawili wetu waliolala chini, nyuma ya gari, walipumzika vizuri zaidi. Amana yetu ilirudishwa yote, ingawa baada ya kuikumbusha kampuni zaidi ya mara moja.

Bei si ndogo, lakini ikigawanywa kwa watu wanne inabebeka. Ninawapendekezea huduma hii wale ambao angalau mmoja wao amezoea kuendesha nje ya lami, wasafiri Aprili, Mei au Septemba, kwa sababu majira ya joto hapa huweza kupita nyuzi 40. Kabla ya kutia saini, waombe tairi la pili la akiba liandikwe ndani ya mkataba, na madumu ya maji wayanunue wenyewe sokoni Aktau.