Hazina ya nyaraka za WTO: inafaa kumfuatilia Balozi Amina Mohamed?

Tovuti ya nyaraka ya Shirika la Biashara Duniani, docs.wto.org, ni ya bure na haidai usajili. Kwa anayetaka kuona mwanasheria akifanya kazi ya ubalozi, ndipo mahali pazuri pa kumsoma Amina Mohamed, aliyekuwa balozi wa Kenya huko Geneva, makao ya shirika hilo. Lakini ukiandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, utaambulia vipande tu.

Hiyo ni desturi ya Geneva. Kumbukumbu za vikao humtaja msemaji kwa cheo au kwa nchi: "mwenyekiti", "mwakilishi wa Kenya". Jina la mwenyekiti hubaki pale juu, mwanzoni mwa waraka. Kwa hiyo tafuta kwa alama ya waraka. Mwaka 2004 aliongoza chombo cha kutatua migogoro: andika WT/DSB/M/*. Mwaka 2005 alikalia kiti cha Baraza Kuu la WTO, mwanamke wa kwanza kufika hapo: WT/GC/M/*. Hiyo nyota ya mwisho ndiyo inayoleta mfululizo mzima.

Tarehe nazo zina mtego. Viti hubadilishwa kama Februari, kwa hiyo kikao cha mwanzoni mwa mwaka huenda ni cha mtangulizi wake. Tena kumbukumbu husambazwa wiki au hata miezi baada ya kikao. Ukifunga utafutaji tarehe 31 Desemba 2005, kikao muhimu kuliko vyote kinakupita.

Kikao hicho ni cha Desemba 2005, na uamuzi wake ni WT/L/641 wa tarehe 6: kurekebisha mkataba wa hakimiliki za ubunifu ili nchi isiyo na viwanda vya dawa iweze kuagiza dawa za bei nafuu zilizotengenezwa kwingine kwa leseni ya lazima, yaani kibali cha serikali kisichohitaji ridhaa ya mwenye hataza. Usiusome peke yake. Fungua pia WT/GC/M/100, utafute tamko lililosomwa na mwenyekiti kwamba utaratibu huo utumike kwa nia njema kulinda afya ya umma, usiwe chombo cha sera za viwanda au biashara. Nchi za Afrika hazikutaka maneno hayo yaingie ndani ya marekebisho. Yakasomwa kando, kwa kinywa cha mwenyekiti. Aliyesomea sheria ataona haraka uzito wa kuyaweka kwenye kumbukumbu za kikao na si ndani ya marekebisho. Marekebisho yenyewe yalianza kutumika tarehe 23 Januari 2017.

Kwa mkutano wa mawaziri wa Nairobi, Desemba 2015, aliouongoza akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, anza na tamko la mawaziri, WT/MIN(15)/DEC, aya ya 30. Hapo wanachama wengi wanathibitisha ajenda ya Doha, yaani mazungumzo ya biashara yaliyoanzishwa huko mwaka 2001, na wengine hawaithibitishi, ndani ya aya moja, na wote wameridhia! Kisha WT/MIN(15)/45: nchi zilizoendelea ziache ruzuku za kusafirisha mazao nje mara moja, isipokuwa mazao machache, zinazoendelea zilipewa hadi mwisho wa 2018.

Kasoro ni kwamba lugha ni tatu tu, Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Nyaraka zenye alama ya JOB, yaani rasimu na mazungumzo ya pembeni, nyingi hazifunguki kwa umma, na huko ndiko mivutano ilikofanyika. Nakili alama ya waraka badala ya kutegemea anwani ya ukurasa wa matokeo.

Hazina hii haikusaidii kwa miaka yake ya katibu mkuu wa Wizara ya Sheria (2008 hadi 2011), wala ya uwaziri wa Elimu na Michezo baadaye. Hansard ya vikao vya bunge zima nayo itakupa kidogo: chini ya Katiba ya 2010 waziri si mbunge, na enzi zake mawaziri walihojiwa kwenye kamati. Omba ripoti za kamati.

Nyota nne kwa miaka ya Geneva, moja kwa iliyobaki.