Ndoana gani ununue: kagua jicho kabla ya ncha

Toka Nungwi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, lalamiko ni lile lile: mshipi mbovu, samaki wa maana akishika tu unakatika. Lawama anabebeshwa muuza nailoni, mvuvi ananunua nyingine nene zaidi, na bamvua lijalo yanarudi yale yale. Mara nyingi nailoni haina kosa. Kosa liko kwenye ndoana, tena pale ambapo mnunuzi hapaangalii kabisa.

Dukani kila mtu hujaribu ncha kwa kidole gumba. Sawa, lakini ncha butu unainoa kwa tupa ndogo na mambo yanakwisha. Cha kukaguliwa ni jicho. Jicho la ndoana, pale unapofunga mshipi, ni waya uliopindwa mpaka ukarudi kugusa shina, yaani mwili wa ndoana, na pale unapogusa pana mshono. Mshono usipobanwa hubaki upenyo, na ukingo wa waya pale ulipokatwa kiwandani ni mkali. Chewa akishika akageuka kukimbilia pangoni, fundo huzunguka ndani ya jicho mpaka likaufikia ule upenyo, nailoni ikajipenyeza, na mvuto mmoja tu unatosha.

Ushahidi unao mkononi, kwenye mshipi uliorudi mtupu. Mwisho wake ukiwa umejisokota, fundo limeteleza; hilo ni lako wewe uliyefunga. Ukiwa umechakaa na kutoa nyuzinyuzi kwa urefu wa shibiri au zaidi, ni mwamba. Ukiwa umekatwa safi upande mmoja, na kuna mkwaruzo mweupe karibu kabisa na lilipokuwa fundo, hapo ni jicho.

Kwa hiyo ukifika dukani, chukua ndoana, pitisha ukucha juu ya mshono kwenda na kurudi. Ukucha ukikwama, nailoni nayo itakwama. Kisha toa mfukoni kipande cha nailoni unayotumia, kipitishe jichoni, kizungushe huku unakivuta kuelekea mshono. Kikiingia, rudisha ndoana. Usikague moja ukaridhika. Toa tano sita kutoka pembe mbalimbali za boksi, maana boksi moja linaweza kuwa na nzuri na mbaya pamoja.

Kama umeshanunua, si lazima utupe. Upenyo mdogo bana kwa plaizi, taratibu, ukishika jicho peke yake bila kupinda shina. Ndoana iliyochovywa bati hushika lehemu vizuri: tone moja kwenye mshono, kwa pasi ya kulehemu. Usiipashe kwenye mkaa. Moto wa jiko hulegeza chuma, na ndoana iliyolegea hunyooka samaki akivuta. Njia nyingine ni kufunga kwenye shina: pitisha nailoni jichoni, zungusha mizunguko 7 au 8 kwenye shina, lowesha kwa mate, ndipo ukaze. Hapo mzigo hubebwa na shina, jicho linaongoza tu. Mate si mazoea ya wazee tu. Nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika papo hapo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi, na upande wangu sitauficha.

Ya kwanza ni Mustad 3407, ile iliyochovywa bati. Mustad ni ya Norway, inatengeneza ndoana kwa mashine tangu 1877, na 3407 ni ndoana isiyo na mapambo: shina lililonyooka, waya mnene, kijino cha kutosha, kile kinachozuia ndoana isichomoke. Inavumilia chumvi kiasi chake, inanoleka kwa tupa, na ikiwa halisi mshono wake huwa umefunga vizuri kuliko zote zilizo katika bei yake. Changu wa mwambani 1/0 au 2/0 inamtosha. Chewa mkubwa nenda 6/0 mpaka 8/0. Nguru na mzia hao wana meno, ongeza shibiri moja ya waya kabla ya ndoana, la sivyo unawalisha bure. Kwa asiyezoea namba: zile zisizo na /0, namba ikikua ndoana inakuwa ndogo, hivyo namba 8 ni ndogo kuliko namba 2. Baada ya 1 huja 1/0, na hapo mambo yanageuka, 5/0 ni kubwa kuliko 2/0.

Ya pili ni ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepindwa kurudi kuelekea shina, na hapa pia nachukua Mustad, 39960. Kwa maji ya kina, kama kando ya mkondo wa Pemba, ambako ukihisi samaki tayari ameshameza, hii humshika pembeni mwa mdomo. Sharti lake moja: usikutue, yaani usivute kwa ghafla. Acha mshipi ukaze, kisha vuta kwa mkono mmoja baada ya mwingine bila kulegeza. Mwenye mkono wa haraka ataichukia, na atasema haifai.

Gamakatsu na Owner za Japani ni kali ajabu na macho yake ni safi. Lakini ukali wake umepatikana kwa dawa kiwandani, si vizuri kuupitia na tupa, na zile nyeusi hazina subira na maji yetu ya moto. Kwa mvuvi wa fimbo anayezisuuza kila jioni, nunua. Kwa mshipi wa mkono kila siku, ni kupoteza pesa.

Stenlesi ninaiweka chini, ingawa wengi huililia kwa kuwa haishiki kutu. Hiyo ndiyo kasoro yake. Mshipi ukikatika, ndoana inabaki ndani ya samaki au kasa muda mrefu mno. Halafu ukiichanganya na ndoana za kawaida kwenye kopo lenye unyevu wa chumvi, zile za kawaida ndizo zinazoliwa kutu haraka zaidi.

Zisizo na jina, za kuokota kwenye bakuli: kwa vibua na chambo, basi.

Na hapa wauzaji wanastahili neno. Boksi la Mustad la ndoana 100 linafunguliwa, za ndani zinauzwa, kisha boksi lile lile linajazwa ndoana nyingine za sura hiyo. Ukiuliza unaambiwa "orijino hiyo, boksi si unaliona?" Boksi tunaliona, hatununui boksi. Ukinunua moja moja hapo, unalipa bei ya jina na unaondoka na waya tu. Pemba ni zaidi, maana mzigo unapitia kwanza Unguja au Tanga, na kila mkono unaoushika unaacha chake juu ya bei, huku ukiuliza tofauti ya namba mbili muuzaji anatazama dari.

Dawa ni boksi lililofungwa, mshirikiane watu wanne, ndoana 25 kila mmoja, na lifunguliwe mbele ya mwenye duka, ukucha upite kwenye macho pale pale juu ya meza yake. Akikataa, rudisha pesa mfukoni. Zikifika nyumbani, mpya zikae kopo lake na zilizokwisha kuguswa na bahari kopo lake. Hizo zilizotumika suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikauke kivulini, zipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi. Ndoana moja yenye chumvi ndani ya kopo la mpya inatosha kuzianzishia kutu zote.