Kava za krispi za Kulwa na Doto: uzoefu wangu na GIMP

Mimi ni mtu wa vitafunio. Nakaanga krispi za muhogo na za ndizi mbichi, natengeneza bisi, napeleka kwenye shughuli za watu hapa Dar: bethdei, kipaimara, akika, chochote. Zamani ilikuwa natia krispi kwenye mfuko angavu, naubana, nafunga utepe, naondoka. Siku hizi mama mwenye shughuli anataka pakiti yenye sura ya mwanawe mbele, jina kwa herufi za dhahabu, na nyuma maneno ya utani yaliyopangwa kama yale ya pakiti za dukani. Hiyo ndiyo tunaiita kava. Krispi zinabaki ndani ya mfuko wao uliobanwa, kava ni karatasi inayovikwa juu. Nasema mapema kwa sababu nimeona watu wanamimina bisi moja kwa moja ndani ya karatasi iliyochapwa. Wino wa printa si wa kulamba, jamani.

Nilianzia kwenye simu, na zile programu zenye mapambo yaliyokwisha kupangwa. Sina ugomvi nazo, kadi ya mwaliko unaimaliza ukiwa ndani ya daladala. Lakini kava si kadi. Kadi ikizidi milimita tano hakuna anayejua. Kava ikizidi milimita tano, sikio la mtoto linahamia mgongoni mwa pakiti. Nilitaka kitu kinachonisikiliza nikisema hapa 140, siyo 143. Photoshop ingefaa, ila inalipiwa kila mwezi, na mimi kuna mwezi napata shughuli nne na kuna mwezi sipati hata moja. Ndipo nikapakua GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, kwenye laptop yangu ya mtumba.

GIMP ni ya bure, na si ule ubure wa kuonjeshwa siku saba halafu unadaiwa kadi ya benki. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, ikatoka hadharani mwaka 1996, na mpaka leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Mimi nilianza na toleo la 2.10, sasa nipo kwenye 3.0 lililotoka Machi 2025.

Siku ya kwanza nilitaka kuifuta. Vidude vingi, vidirisha vingi, na ukigusa kitu bila kujua kinatoweka. Kubwa zaidi ni hili: ukihifadhi kazi, unapata faili ya XCF, ambayo ni ya GIMP mwenyewe. Ukitaka picha ya kawaida au PDF, lazima upite kwenye Export, yaani kuitoa nje ya GIMP. Mimi sikujua. Nikatia XCF kwenye flashi, nikapanga foleni steshenari nusu saa, kijana akaitazama, akanigeukia.

"Dada, hii faili ya nini?"

"Ya bethdei."

Nilirudi nyumbani.

Vipimo ndivyo vilivyonifanya nisiiache. Ukifungua karatasi mpya unaiambia unataka A4 iliyolala, milimita 297 kwa 210, nukta 300 kwa inchi, nayo inakupa pikseli 3508 kwa 2480. Kisha unavuta mistari ya mwongozo kutoka kwenye rula za juu na kushoto. Mistari hiyo haichapwi, ipo ya kukuonyesha njia tu. Yangu imekaa hivi: naacha milimita 6 tupu kushoto, linafuata bawa la nyuma la 70, kisha uso wa mbele wa 140, kisha bawa la pili la 80. Hizo 10 za ziada ndizo za kupakia gundi. Jumla 296, imebaki moja. Zile 6 za kushoto nimeziacha makusudi, kwa sababu printa nyingi za ofisini hazichapi hadi ukingoni, huacha weupe wa milimita nne au tano pande zote. Weupe wa kushoto naukata na zile 6. Wa kulia unaangukia kwenye bawa refu, ambalo linalaliwa na mwenzake, hakuna anayeuona. Wa juu na chini naumaliza kwa mkasi wa meno, ule wa mafundi cherehani, na hapo pakiti inapata ile midomo ya misumeno kama ya dukani. Watoto wanaipenda kuliko sura zao.

Jambo moja hakuna aliyeniambia, nililipia mwenyewe. Pakiti ikishajaa krispi na hewa, hufura. Ule uso wa 140 uliouona kwenye skrini ukiwa umelala, sasa unajipinda pembeni, na anayeitazama kwa mbele anaona kama milimita 100 tu. Kwa hiyo naongeza mistari mingine miwili, 20 kutoka kila upande, na kila kitu cha maana, macho, jina, umri, kinakaa ndani yake. Nje ya hapo natia maua na nyota.

Picha za wateja ni mtihani wake. Mama anakutumia picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imebanwa, mara nyingine inafika na upana wa pikseli 720. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni sentimita sita tu. Ukiinyoosha ifike kumi, mtoto anaonekana kama unamwangalia kupitia chandarua. Siku hizi kabla sijapokea hata advansi naomba: mama, nitumie kama dokumenti. Wengi hawajui, inabidi niwafundishe, wakishajua wanashukuru.

Kumtoa mtoto kwenye mandhari yake, yaani kuondoa lile kabati na pazia lililoko nyuma, kunataka subira. Nguo na mikono ni rahisi, unapita na zana ya kuchora njia kama unakata kitambaa. Nywele ndizo zinazokesha. Afro ya mtoto ukiikata kwa mstari mkali inakuwa kofia. Mimi natia maski (kifuniko cha kuficha na kufichua) kwenye leya, yaani tabaka la picha, nachukua brashi laini ndogo, narudisha nywele kidogo kidogo pembezoni. Dakika arobaini kwa kichwa kimoja. Kuna programu za kisasa zinazofanya kwa kubonyeza mara moja, nazo nimejaribu, ila vibutu vya watoto wetu zinavila.

Toleo la 3.0 limenipunguzia kero moja kubwa. Zamani ukishatia kivuli kwenye jina, kivuli kinakuwa leya yake peke yake. Mteja akisema "siyo Amina, ni Aminah", unarekebisha jina, kivuli kinabaki na Amina wa zamani, unafuta unaanza upya. Sasa kivuli kinashikamana na maandishi. Unabadilisha herufi, chenyewe kinafuata. Kwa mtu anayetengeneza majina tofauti kwa kava ileile, hilo peke yake lingenitosha.

Rangi nazo zina mambo yao. Pinki ya kuwaka uliyoiona kwenye skrini, printani inatoka kama imefuliwa mara tatu. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, printa kwa wino wa siani, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi za mwanga ambazo wino haufiki. GIMP yenyewe ni ya upande wa mwanga, RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu. Toleo hili jipya linakuruhusu kuchungulia kazi itakavyokaa kwenye CMYK, yaani hizo rangi nne za wino, na hata kuitoa hivyo kwa baadhi ya faili, lakini bado unafanyia kazi kwenye RGB, na mchapaji wa mabango makubwa anaweza kukununia. Mimi nimepata dawa ya kienyeji: nachapa karatasi moja ya vipande sita vya pinki, mama mwenye shughuli anachagua kwa kidole. Akishachagua, hana la kusema baadaye.

Uchapaji wenyewe nauandikia mistari michache. Karatasi ya kung'aa ya gramu 130 inatosha, 300 inapasuka kwenye mkunjo. Chapa kwa leza. Wino wa maji mtoto akiishika pakiti na mkono uliotoka kwenye soda ya baridi, sura inachuruzika. Na mwambie anayechapa asilimia 100, ukubwa halisi. Printa ikiachiwa ijipangie "itoshe kwenye ukurasa", inapunguza hadi 97, na 140 yako inakuwa 136. Nilichapiwa hivyo kava 25, mfuko ukawa hauingii, nikazigawa kwa watoto wa jirani wachoree nyuma.

Sehemu ya nyuma ndiyo ninayoifurahia. Natia jedwali la virutubisho: kucheza 80%, kulilia simu ya mama 15%, kununa 5%. Mwisho wa matumizi: siku ya kupeleka posa. Chini mistari ya msimbo niliyoichora kwa mkono, na tarakimu zake ni tarehe ya kuzaliwa. Hiyo ni kwa shughuli tu. Ukitaka kupeleka dukani, mambo ni mengine, kuna TBS, shirika la viwango, na kuna msimbo wa kweli wa GS1, shirika linalotoa namba za misimbo ya bidhaa. Na mteja akiniletea nembo ya kampuni ya krispi, eti nibadilishe jina tu, nakataa. Nembo ina mwenyewe.

Nani aitumie? Kama unatengeneza kava mbili kwa mwaka, usijisumbue, kaa na simu. Kama laptop yako ina nafasi ndogo na bando lipo, kuna Photopea, inafunguka ndani ya kivinjari na inasoma faili za Photoshop, nimemsaidia nayo shoga yangu akamaliza jioni ileile. Lakini kama kazi inajirudia, karatasi yenye mistari ya mwongozo ukishaipanga mara moja inakulea miaka. Naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya wiki tatu za mwanzo nilizolala saa nane usiku.

Sasa Kulwa na Doto. Mapacha wa kufanana, wanatimiza miaka mitano, pakiti 60, thelathini kwa kila mmoja. Nilipanga kila kitu ndani ya faili moja: picha mbili, majina mawili, kila leya na jicho lake la kuwasha na kuzima. Nikatoa za Kulwa. Nikazima jina la Kulwa, nikawasha la Doto, nikatoa za Doto. Picha sikuigusa. Nilikagua herufi, nikakagua tarehe, nikakagua hadi utani wa kununa. Ijumaa jioni nikazipeleka, Mama Kulwa akazitandaza kwenye kochi, akapiga picha, akanilipa iliyobaki.

Jumamosi naingia na ndoo ya bisi, nakuta bibi yao kakaa na pakiti mbili mapajani, kavaa miwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyezitengeneza hizi?"

"Ndiyo bibi."

"Doto ana kovu la tetekuwanga juu ya jicho. Huyu hana."

Mama yao akaja kuchungulia, akasema mwanga tu huo. Akaitwa Doto mwenyewe. Akaishika pakiti kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akasema, "Huyu Kulwa kavaa jina langu," akaenda kumwonyesha mwenzake, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilirudisha hela ya kava thelathini, Mama Kulwa akapokea nusu.

Tangu siku hiyo kila mtoto ana faili yake, na kabla ya kutoa PDF nasoma leya kwa sauti: jina la nani, picha ya nani, umri wa nani. Wiki ijayo nina kipaimara, kijana mmoja tu, ashukuriwe Mungu.