Ushauri nasaha kwa simu ulivyonitoa kwenye uraka: uzoefu wangu, Newala

Aliyeishi Newala anajua msimu wa korosho ulivyo. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yametapakaa chini, madumu ya uraka, pombe ya mabibo, yamejaa, na pesa ya mnada ikiingia nipa, ile pombe kali ya kienyeji, haikosekani. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la ushirika. Msimu uliopita nilifika mahali siwezi kuandika risiti asubuhi bila kuzimua kwanza. Siku moja kalamu ilikuwa inacheza mkononi, foleni nzima inanitazama, mzee mmoja akanishika kiganja: "Mwanangu, pumzika kidogo." Bora angenitukana.

Kumwendea mshauri hapahapa sikuweza. Mji mdogo, ukionekana mlangoni mchana, jioni shemeji zako wanajua. Rafiki akanielekeza huduma ya simu ambayo washauri wake wako Dar es Salaam. Kwanza niliulizwa yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji. Ukifikisha alama 8 tayari ni hatari. Mimi nilipata 26.

Nilidhani tungeanza palepale, dada mshauri akakataa. "Kaka, usiache ghafla ukiwa nyumbani. Nenda hospitali kwanza." Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege na kuweweseka, hasa siku 2 au 3 za mwanzo, na hilo linaua. Nililazwa siku 5, nikapewa dawa za kutuliza na vitamini B1. Hapo ndipo nilipomwamini.

Kikao ni mara moja kwa wiki, shilingi 15,000. Lakini kilichonisaidia zaidi ni meseji ya kila siku saa 12 jioni: hamu yako leo ni ngapi, 0 hadi 10? Ukijibu 7 kwenda juu, unapigiwa. Wiki ya tatu nilijibu 9 nikiwa chini ya mkorosho, kopo la uraka liko mkononi, nzi wanazunguka. Akapiga. Hakunihubiria. Alisema hamu hupanda, ikishafika juu hushuka yenyewe, basi tusubiri wote. Tukaongea habari za watoto kama dakika 20. Kopo nikalimwaga.

Kasoro ipo, tena kubwa. Mwezi wa 3 mfumo wao ulikwama siku mbili, meseji haikuja, na siku ya pili nilikunywa. Nimewaandikia mara mbili waweke namba ya akiba, sijajibiwa. Video nayo kwa mtandao wa huku isahau, tumia simu ya kawaida.

Kama tatizo lako ni heroini, usianzie hapa. Piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ni bure. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inahitaji kliniki.

Mnada wa kwanza wa msimu huu ni wiki ijayo. Nimeomba kikao kihamie jioni ya siku hiyohiyo, nikitoka tu ghalani, na dada amekubali.