Nimetumia programu ya symlinks kusafisha simlinki (faili zinazoelekeza tu kwenye faili nyingine) zilizozagaa kwenye seva: inafaa, ila haiulizi mara mbili

Kisa kilianza na skripti ya bakapu kwenye seva ya Debian niliyoirithi kazini. Usiku, cron (inayoendesha kazi kwa ratiba) ikiiendesha, inamaliza salama. Mchana nikiiendesha mwenyewe inagoma kwenye mstari wenye date -d yesterday, eti tarehe hiyo si sahihi. Siku mbili nzima nilishughulika na mipangilio ya lugha bure. Aliyemtaja mwizi ni amri ya kutafuta maneno, grep -P: ilikataa, kisha ikatema maelezo ya msaada yanayoanza na neno BusyBox. Seva hii ina grep ya GNU, sasa BusyBox, programu moja iliyobeba amri nyingi ndani yake, imetoka wapi?

Nikaandika type -a date, inayoonyesha amri date inapatikana wapi. Jibu: kwanza /usr/local/bin/date, ndipo /usr/bin/date. Kumbe fundi mmoja wa zamani alipakua BusyBox, akaiweka /opt, kisha akaiendesha na --install -s /usr/local/bin. Amri hiyo moja humwaga simlinki kwa kila kiprogramu kilichomo ndani ya BusyBox: ls, tar, sed, date, na kadhalika, zaidi ya 300 kwangu. Kwa kuwa /usr/local/bin hutangulia kwenye PATH, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, zote ziliwapiga kumbo wenyeji, yaani amri za asili za Debian. Cron ilinusurika kwa sababu crontab ya mtumiaji kwenye Debian hutumia PATH fupi, /usr/bin:/bin basi.

Hapo ndipo nilipoigeukia symlinks, ambayo ilikuwa tayari kwenye seva. Ni kiprogramu kidogo cha Mark Lord, yuleyule wa hdparm, programu ya kurekebisha mipangilio ya diski. Unaipa folda, inakusomea simlinki zake na kutaja kila moja ni ya aina gani: absolute ni ile inayoanzia kwenye mzizi, dangling inaelekeza kusiko na kitu, other_fs inavuka kwenda mfumo mwingine wa faili. Ukiongeza -r inaingia mpaka folda za ndani. Ni nyepesi, haina mbwembwe, na kwa kuona hali ya folda kwa mara moja sijapata kingine kilichonipendeza hivyo.

Lakini haijui ipi ni mgeni na ipi ni mwenyeji. Kwake, date inayokwenda /opt/busybox ni absolute tu, nzima, haina kosa. Swichi ya -d hufuta dangling peke yake, na ukweli ni kwamba hizo dangling ndizo zenye madhara madogo: bash, inayopokea amri unazoandika, ikikuta simlinki iliyokufa kwenye PATH huiruka na kutafuta mbele. Zinazoumiza ni zilizo hai.

Nikajifanya mjanja. Nilibadilisha jina la /opt/busybox ili simlinki zote zife kwa mpigo, nikaendesha symlinks -d /usr/local/bin. Zikafutika zote, kazi ya kufumba na kufumbua. Ikafutika pia simlinki ya programu yangu iliyo kwenye diski ya nje, ambayo siku hiyo nilikuwa nimeichomoa. Siilaumu programu. Bila -d ingeniorodheshea tu, na kweli niliiendesha hivyo kwanza, ila nani anasoma mistari 300?

Ningerudia leo, kazi ya kufuta ningeipa find, amri ya kutafuta faili, itafute simlinki zinazoelekeza busybox: /usr/bin/find /usr/local/bin -lname '*busybox'. Andika njia yake nzima, maana find nayo ilikuwa imeshavamiwa. Ukiridhika na orodha, ongeza -delete, na iwe ya mwisho kabisa. Ukiitanguliza itafuta kila inachokikuta kabla ya kutazama jina. Symlinks ningeibakiza kwa ukaguzi. Na usije ukaona /bin inaelekeza usr/bin ukadhani nayo ni takataka. Debian ya sasa imepangwa hivyo, ukiing'oa umeua mfumo.

Kwa nyota, symlinks naipa nne kati ya tano. Ile ya tano ingepatikana kama -d ingekuwa na hatua ya kuuliza ndiyo au hapana.

Baada ya kufuta, niliandika date nikaambiwa /usr/local/bin/date haipo. Moyo ulinipasuka. Kumbe ni bash ilikuwa bado inakumbuka njia ya zamani. Nikaandika hash -r, tarehe ikatoka.